Chini ya Kigoda

Doa lilikuwa bado kwenye leso. Inspekta aliitoa mfukoni, akainusa tena mbele ya wachongaji waliomtazama kama mtu aliyekuja kuwaambukiza mafua. Dawa ya viatu, nyeusi, ile ya kopo. Jana yake, mlinzi wa jumba la makumbusho alipogeuka kupiga chafya, Inspekta alikuwa ameipitisha leso hiyo kwenye mguu wa kigoda cha maonyesho, ikatoka na doa. Sasa kigoda kilichokaliwa na ukoo mmoja tangu enzi za utumwa, makalio juu ya makalio, kinahitaji dawa ya viatu ya nini?

"Mnatumia nini kuzeesha mti?" aliuliza.

"Sisi tunachonga tu, mkubwa," alijibu mmoja wao. "Mti unazeeka wenyewe, kama mimi hapa."

Wakacheka. Juu ya benchi, kati ya patasi na vipande vya msasa, kopo la dawa ya viatu lilikaa wazi, na wachongaji wote walikuwa wamevaa ndala. Inspekta alilitazama kopo, akazitazama ndala, na kicheko kikaisha chenyewe.

"Nani kati yenu akionyeshwa kigoda anaweza kukitolea pacha?"

Macho yote yalikwenda kwenye kibanda cha mwisho. Mahakamani macho si ushahidi. Kwa kazi ya asubuhi yanatosha.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Mwanamke mmoja, ambaye kituo kizima kilimwita Mgeni, alikuja kutoka ng'ambo ya bahari na kigoda cha kwao. Babu wa bibi yake alikamatwa akiwa kijana, akauzwa, akavushwa bahari. Huko alinyang'anywa jina, lugha na kila kitu ambacho mtu anaweza kunyang'anywa, lakini mikono ilibaki yake, na kwa mikono hiyo akachonga kigoda namna ya kwao. Chini ya kiti, upande usioonekana, akachora alama. Mama yake Mgeni alikuwa sasa kitandani huko kwao, madaktari wamekwisha kunawa mikono, na maisha yake yote alikuwa na swali moja tu: sisi ni watu wa wapi? Jibu, kama lipo duniani, lilikuwa chini ya kigoda kile. Mgeni alikiazimisha kwa jumba la makumbusho, kwenye maonyesho ya kazi za watu waliochukuliwa, kwa sharti kwamba wataalamu wazisome alama hizo.

Na kwa nini hakupiga picha ya alama tu akaituma? Inspekta alimuuliza hilo siku ya kwanza. Mgeni akamjibu kwa Kiswahili chake cha darasani, kilichonyooka kama taarifa ya habari. Kwao kigoda kile hakigeuzwi na mtu wa ukoo ila siku ya msiba. Mtu akifa, hupinduliwa ili asikikalie yeyote, na maziko yakiisha husimamishwa tena. Yeye alikiona chini mara moja tu, bibi yake alipofariki, akiwa mtoto na macho yamejaa machozi.

"Nani anapiga picha ya kigoda msibani, Bwana Inspekta?"

Siku ya ufunguzi wa maonyesho, Mgeni aliomba kukigusa kigoda. Aliweka kiganja juu ya kiti, akakisukuma kidogo, akarudi nyuma. Cha kwao kilikuwa kikiyumba, mguu mmoja mfupi. Hiki kilisimama imara kama askari wa zamu. Wakubwa wa jumba walimwambia sakafu ya kwao ndiyo mbovu, naye akaja polisi.

Wiki nzima Inspekta aliipoteza kwa tajiri mmoja mwenye sebule iliyojaa vinyago, mtu ambaye kila aliyeulizwa alimtaja. Hakupata kitu ila mzee anayependa vinyago kwa dhati na mbwa asiyependa wageni. Kisha juzi mambo yakageuka. Profesa aliyealikwa na jumba alikipindua kigoda, akazisoma alama, akatangaza kwamba babu wa bibi yake Mgeni alitoka kwa watu wa milimani, na hata ukoo akautaja. Redio zote zilisema. Tangu hapo Mgeni hakuonekana kituoni, na Mkuu wa kituo akaanza kuuliza kwa nini jalada bado liko wazi.

Inspekta naye alikuwa na doa kwenye leso, na doa halifutwi na redio.

Mwenye kibanda cha mwisho walimwita Tindo, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila patasi ya jina hilo karibu yake. Alikuwa akipiga msasa mwiko. Alipomwona Inspekta aliuweka chini taratibu, akapangusa kiti kwa kiganja.

"Karibu, afande. Nilijua utakuja. Sijalala tangu juzi."

"Mtu asiye na kosa hulala."

"Nani kasema? Mke wangu hana kosa lolote na halali, maana mimi nagaragara."

Inspekta hakukaa. "Kigoda kile cha makumbusho ni mkono wako?"

"Ni mkono wangu."

Hilo halikumpendeza. Alikuwa amejiandaa kukanushwa, na mtu aliyejiandaa kuvunja mlango hujikwaa akiukuta wazi.

"Na kile cha kweli kiko wapi?"

"Sijui."

"Tindo, usinichezee. Kilikaa hapa, ukakipima, ukakichonga pacha. Pacha kaenda makumbusho. Mwenyewe kaenda wapi?"

"Sijawahi kukiona, afande. Haki ya Mungu. Nilipewa picha."

Aliinama, akatoa picha tatu kutoka chini ya rundo la msasa. Kigoda kwa mbele, kwa ubavu, kwa juu. Nyuma yake ilionekana sebule ya watu, pazia la maua, na mguu wa mtoto uliokatwa na ukingo wa picha. Inspekta alizitambua. Ni zile alizozituma Mgeni kabla ya kusafiri, ili jumba liamue kama litakipokea kigoda.

Alizipanga juu ya benchi, akasimama akizitazama kwa muda. Mwizi anayetaka kubadilisha kitu anacho kitu chenyewe mkononi. Humpelekea fundi akishike, akipime, akisikie uzito, kwa sababu pacha akikosewa mwizi ndiye anayeumbuka. Mwagizaji angekuwa nacho kigoda, Tindo angejua kwamba kinayumba. Anayempa fundi picha ni mtu ambaye kitu hana. Kabla Tindo hajashika tezo, kigoda kilikuwa kimekwisha kutoweka, na aliyeagiza pacha hakuwa akificha wizi. Alikuwa akiziba pengo.

Ndipo akaona picha isiyokuwepo.

"Na chini?"

Tindo alijifanya kutafuta mwiko wake.

"Tindo. Picha ya chini iko wapi?"

"Haikuwepo. Niliuliza. Nikaambiwa, weka chochote, kitakaa kwa muda tu, hakuna atakayekigeuza."

"Ukaweka nini?"

Tindo alijipangusa uso kwa mikono yenye vumbi la mbao, akabaki na uso mweupe kama wa mpishi wa maandazi.

"Alama za kwetu," alisema. "Mimi ni mtu wa milimani. Babu yangu hakuwahi kumaliza kigoda bila kuweka alama za ukoo chini, naye ndiye aliyenifundisha. Kazi nzuri namna ile, nikiache chini kitupu? Ni aibu, afande. Mkono ulikwenda wenyewe."

Inspekta alikaa. Kiti kililia, lakini kilimvumilia.

"Profesa hakukosea," Tindo aliendelea. "Kasoma sawasawa kabisa. Ila kanisoma mimi."

Nje ya kibanda mtu alikuwa akikata gogo kwa msumeno, anakata, anapumzika, anakata. Inspekta alitafuta swali linalofuata. Kwa kawaida maswali yalimjia yenyewe, kwa foleni.

"Umemwambia nani?"

"Nimwambie nani? Juzi jioni baba kanipigia simu kutoka nyumbani. Kasikia redioni kwamba mtoto wa ukoo wetu kapatikana ng'ambo. Analia. Mzee huyu, kwenye msiba wa mama yangu hakutoa chozi, alikuwa anahesabu viti tu. Sasa analia kwenye simu, anasema dada yake amerudi." Tindo aliokota mwiko, akautua tena. "Nimemchongea baba yangu dada, afande. Nitamwambiaje?"

"Huenda ukoo wenu kweli ulipoteza mtu."

"Kila ukoo ulipoteza watu. Ndiyo maana baba hakuuliza ushahidi."

"Nani alikupa picha hizi?"

"Yule dada wa koti jeupe, wa makumbusho. Lakini usimkaripie, tafadhali. Alikuwa ananitajia vipimo huku machozi yanamtoka."

Chumba cha Mhifadhi kilikuwa nyuma ya jumba, mahali wageni hawafiki. Meza ndefu, taa ya kukuza yenye mkono, brashi za kila unene, pamba, chupa, na ukutani friza kubwa kama ya bucha. Juu ya rafu kulikuwa na vinyago, ngoma, vichanuo, kila kimoja na uzi shingoni au mguuni, na kwenye uzi kipande cha karatasi ngumu chenye namba. Wafanyakazi wa jumba wana msemo wao: kisicho na namba si kitu.

Mhifadhi alikuwa mwanamke mwembamba wa koti jeupe, miwani juu ya paji la uso. Alimwona Inspekta ameshika picha tatu, akazima taa ya kukuza.

"Nieleze kazi yenu," Inspekta alisema. Hakutaka kuanza na picha. Mtu akiulizwa kazi yake hujibu, na akianza kujibu ni vigumu kuacha. "Kitu cha mti kikija kutoka nje ya nchi, kinapitia wapi?"

"Huja ndani ya kreti. Hufunguliwa kwenye chumba cha mapokezi. Hukaguliwa kama kina mdudu. Mdudu wa mbao akiingia ghala hili, kwa mwaka mmoja atakuwa amekula historia yote."

"Utajuaje kina mdudu?"

"Huona unga. Ukikipindua, unga humwagika, mwembamba kama poda ya mtoto. Kikiwa na unga huwekwa kwenye kona kusubiri friza. Baridi humuua mdudu bila kuudhuru mti."

"Na kreti?"

"Mbao za kreti zenye mdudu hazisubiri. Huchomwa siku hiyohiyo, kwenye tanuri la taka huko nyuma. Kanuni niliiandika mimi." Alivuta miwani ikamshukia machoni, akairudisha juu. "Hukaa kona hiyohiyo, mbao na vitu. Vitu hutambulika kwa namba."

"Endelea."

"Kigoda kilikuwa na unga," alisema, na sauti ikabadilika. "Nilikifungua mwenyewe. Nikakipindua, nikaona unga, nikakiweka konani. Namba yake nilikuwa nayo hapa, mkononi, uzi tayari. Lakini mguu ule mfupi ulikuwa umeliwa sana, unashikiliwa na rangi tu. Nikaogopa uzi utaukwaruza. Nikasema ngoja nitafute kitambaa laini, nikizungushe kwanza, ndipo nifunge namba."

"Ukaenda kutafuta kitambaa."

"Nikakutana na Mkurugenzi mlangoni, akaniita mkutanoni. Kuhusu maua ya ukumbini, siku ya ufunguzi." Alicheka kicheko kibaya. "Nilirudi na kitambaa, nikakuta kona imefagiliwa. Safi. Mfagiaji wetu ni mtu makini. Aliona kigoda kikuukuu, kimebunguliwa, hakina namba, kiko na mbao za kreti. Alifanya nilivyomfundisha. Mpaka leo hajui. Anaamini cha kwenye maonyesho ndicho."

"Ulikwenda kwenye tanuri?"

"Lilikuwa bado la moto. Nikachokoachokoa. Nikapata misumari ya kreti."

Inspekta aliandika neno *tanuri*, akaona hana la kuongeza. Kesi alikuwa ameitatua. Zipo siku ambazo kutatua kesi kulimpa njaa nzuri ya mchana.

"Nilitaka kusema," Mhifadhi alisema. "Kila asubuhi nilitaka kusema. Kisha kadi za mwaliko zikachapishwa. Nikasema nipate cha kuweka pale kwa muda tu, nitafikiri. Yule mwenye kigoda alipokisukuma, nilijua amejua. Profesa alipokipindua nilijaribu kumzuia."

"Ulimzuiaje?"

"Nilikohoa."

Siku nyingine Inspekta angecheka. Alivuta kiti, akakaa mbele yake, goti kwa goti. Jambo moja alilolisema Mhifadhi lilikuwa limemkaa akilini.

"Umesema ulikipindua."

"Ndiyo."

"Basi wewe ndiye mtu wa mwisho kuona chini yake. Usiniambie kuhusu unga. Kulikuwa na alama gani?"

Mhifadhi alifumba macho. Inspekta alijikuta ameacha kupumua, yeye mtu mzima mwenye madaraka, mbele ya kope za mtu. Alitafuta penseli mezani, akamsogezea na karatasi.

"Chora."

Alichora upesi, bila kusita, mkono wa mtu anayeijua kazi yake. Duara la kiti, mashina ya miguu. Kisha vitone. "Shimo hapa. Hapa na hapa, matatu yamesogeleana. Hili kwenye shina la mguu ndilo lililokuwa jipya, unga wake ulikuwa mweupe zaidi." Aliweka vitone mpaka duara likafanana na uso wa mwenye ndui.

"Na alama?"

Penseli ilisimama.

"Kulikuwa na mistari," alisema. "Nadhani. Huku kando. Au zilikuwa nyufa."

"Iliyonyooka au iliyopinda?"

"Sijui. Nilikuwa namtafuta mdudu."

"Jaribu."

"Afande, nikijaribu sasa nitachora alama za yule fundi. Ndizo nilizoziona mwisho, Profesa alipokipindua. Zimefuta zile nyingine." Alimtazama, na machozi hayakutoka, labda yalikuwa yamekwisha kwa Tindo. "Nilikishika kwa mikono hii miwili. Jibu la yule mama nilikuwa nimelishika, nikaangalia mashimo."

Inspekta alimnyang'anya penseli taratibu, kwa sababu aliona anataka kuendelea kuchora vitone.

"Nitafungwa?"

"Sijui," alisema, na ilikuwa kweli. Njiani kurudi kituoni alizipitia sheria zote alizozijua. Wizi haukuwepo. Kuharibu mali, ndiyo, lakini nani alikusudia? Kughushi, ndiyo, lakini hakuna aliyeuziwa kitu. Kila sheria aliyoishika iliteleza kama sabuni bafuni. Alichokuwa nacho ni ukweli mtupu, na hakujua pa kuuweka.

Mkuu wa kituo alimsikiliza akiwa amesimama, mgongo kwenye mlango wa ofisi yake, kama anayeogopa habari isitoroke. Upande wa pili wa mlango, kwenye benchi la wageni, Mgeni alikuwa amekaa akisubiri. Alikuwa amefika nusu saa kabla ya Inspekta, kuja kufuta malalamiko yake.

"Kwa hiyo kimeungua," Mkuu alisema.

"Kimeungua, Afande."

"Bahati mbaya."

"Bahati mbaya, na uongo juu yake."

"Kuna maiti?"

"Hapana, Afande."

"Kuna mwizi?"

"Hapana."

"Kuna mtu ananung'unika?"

"Kuna mtu amedanganywa."

"Na amefurahi!" Mkuu alishusha sauti. "Inspekta, mimi nimefanya kazi hii mpaka nywele zimeniaga. Mlalamikaji akija mwenyewe, anacheka, anasema nifutieni, mimi namfutia. Unataka nimwite nimwambie nini? Mama, kigoda chako tulikichoma pamoja na taka? Alama zile ni za fundi wa kuchonga miiko? Halafu ukishamwambia, utampa nini badala yake? Una nini mfukoni?"

Inspekta alikuwa na leso yenye doa.

"Ana haki ya kujua," alisema.

"Ana haki. Basi mwambie wewe. Mimi sikuzuii." Mkuu alifungua mlango, akavaa tabasamu. "Karibu ndani, dada yangu! Inspekta wetu yuko hapa, atakuhudumia." Akatoka, akaufunga mlango nyuma yake, na Inspekta akamsikia akipiga mluzi kwenye korido.

Mgeni alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, mwenye mabega ya mtu aliyebeba wagonjwa. Alikuwa muuguzi huko kwao. Alikaa, akaweka simu yake mezani kati yao, kioo juu.

"Bwana Inspekta, nimekusumbua bure. Naomba radhi."

"Hujanisumbua, dada."

"Nataka nikuonyeshe kitu." Aliwasha simu. Ilikuwa picha ya mama yake, bibi kizee kwenye mito, mwembamba mpaka shingo imekuwa ya ndege, na mbele yake ramani iliyokunjuliwa juu ya shuka. Wajukuu wamemzunguka. Kidole chake kiko juu ya ramani, na mtoto mmoja amemshikia mkono ili usianguke. "Hapo ni milimani. Amekataa waitoe ramani kitandani. Analala nayo."

Inspekta aliitazama picha kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Unajua aliniuliza kila siku? Tangu nilipokuwa naweza kuongea. Tukila, tukifua, sisi ni watu wa wapi? Kama mtu anayeuliza amesahau wapi funguo. Tangu juzi hajauliza tena. Ndugu zangu wanasema nyumba imekuwa kimya." Alivuta pumzi. "Kesho nakwenda milimani. Kuna mzee mmoja huko, nimezungumza naye kwa simu. Ananiita dada yake. Mwanawe, nasikia, ni mchongaji hapa mjini."

"Dada," Inspekta alisema.

"Ngoja."

"Kuna jambo nimelipata leo asubuhi kuhusu—"

"Nimesema ngoja." Hakupandisha sauti. Ilikuwa sauti ya wodini, ya kumwambia mtu asitikisike sindano ikiingia. "Mimi si mtoto, Bwana Inspekta. Sijasema kwamba kile ni kigoda chetu. Nimesema nafuta malalamiko. Kigoda chetu nakijua kama ninavyomjua mama. Kile pale si chenyewe. Mtu amekichukua chetu akaweka pacha."

Inspekta alisogeza jalada kando.

"Nimelifikiri hili siku mbili," aliendelea. "Aliyekinakili alikuwa fundi hodari. Kila mkwaruzo wa mbele upo. Mtu mwangalifu hivyo hawezi kuacha kunakili chini. Sasa pacha ni pacha, lakini alama ni zilezile. Si ndiyo? Kwa hiyo alichoambiwa mama ni kweli."

Alikuwa ameinama kidogo mezani kumwelekea. Alikuwa anauliza. Inspekta alikuwa amewahoji wauaji, matapeli, hata mchungaji mmoja, na hajawahi kushindwa na macho ya mtu. Haya yalimshinda, akatazama ramani kwenye simu.

Mgeni alilielewa jibu hilo nusu, akakataa nusu nyingine. Alirudi nyuma kwenye kiti.

"Usinijibu leo," alisema haraka. "Tafadhali. Mama hamalizi mwezi, mimi ndiyo kazi yangu, najua. Akishaondoka nitarudi. Nitakuja hapa hapa, nitakaa kwenye kiti hiki, utaniambia kila kitu, na tutakitafuta pamoja kile cha kweli. Tukikipata tutakigeuza na kuangalia. Nami nitakuwa na nguvu ya kusikia lolote."

"Huenda kisipatikane."

"Kitapatikana. Kitu kama kile kina thamani. Aliyekiiba atakiuza, au atakificha, lakini atakitunza." Alichukua kalamu juu ya meza, akaivua kifuniko, akaishikilia juu ya karatasi ya kufuta malalamiko. "Mwizi hachomi alichoiba. Niambie hilo tu, Bwana Inspekta. Wewe unawajua wezi."

Aliwajua. Aliwajua kwa majina, kwa tabia, kwa wake zao.

"Hachomi," alisema. "Mwizi hachomi alichoiba, dada."

Mgeni akashukuru, akashika karatasi kwa mkono wa kushoto ili isiteleze, akauliza atie sahihi wapi. Inspekta akamwonyesha kwa kidole.